Dada Pindo, Bata Wake na Mto Mrefu

Marehemu alikataza mapema wasifu wake usianze kwa kusema alikuwa mcheshi na mpenda watu. Alisema kila anayekufa husemwa hivyo, hata wale waliokuwa wachungu kama shubiri. Basi haya, yaliyoandikwa na mdogo wake wa kike na yanayosomwa leo kwa niaba ya familia, yataanza na lililo kweli. Alikuwa mkali kwa kazi mbaya, alipenda ndege kuliko alivyopenda wageni, na amekufa kwa kukosa pumzi. Mengine yatafuata kwa utaratibu wake.

Alizaliwa tarehe 9 Agosti 1956, mtoto wa pili kati ya watatu, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya kinu cha kusaga unga. Baba yao aliendesha kinu hicho na mama yao alishona magunia. Akiwa na miaka sita aliokota njiwa aliyevunjika bawa, katikati ya pumba, akamfunga bawa kwa kijiti na uzi wa magunia. Njiwa alikaa chini ya kitanda mpaka akapona. Siku moja akaruka dirishani, akaenda zake moja kwa moja. Mama yao akasema, "Si unaona? Shukrani ya punda ni mateke, na ya njiwa ndiyo hiyo." Mtoto akamjibu, "Lakini mama, mimi nilimfunga bawa ili aruke." Mama yao alilisimulia jibu hilo kwa majirani mpaka uzeeni.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1964 hadi 1970. Hesabu na yeye hawakuelewana, na mwalimu wa hesabu alimwambia waziwazi kwamba kichwa chake kimejaa pamba. Alikubali bila kununa. Baadaye, katika chuo cha ufundi ambako alijifunza cherehani kwa miaka miwili na kupata cheti mwaka 1974, alikata magauni kumi na mawili kutoka kitambaa ambacho wenzake walitoa kumi, wala kipande hakikubaki. Alitamani sana mwalimu yule aone, lakini alikuwa amehamishwa.

Januari 1975 aliajiriwa katika chumba cha nguo cha hospitali. Kilikuwa chumba kirefu chenye madirisha ya juu, cherehani nne, na rafu za mashuka mpaka darini. Kulikuwa na joto la pasi na harufu ya dawa ya kufulia. Alifanya kazi humo miaka thelathini na saba, akishona mashuka, mapazia, magauni ya wagonjwa, mito na foronya zake. Jina la Dada Pindo alilipata humo, kwa sababu shuka lenye pindo lililofumuka halikupita mkononi mwake. Metroni mmoja aliyekuwa na haraka alimwambia, "Wewe toa tu, mgonjwa hataona." Akamjibu, "Mgonjwa ana kazi gani nyingine, metroni? Siku nzima anatazama shuka. Akiona pindo limefumuka, atajua na sisi tumekata tamaa naye." Metroni aliondoka mikono mitupu, na mashuka yakaenda wodini saa moja baadaye yakiwa mazima.

Ni humo humo alimopatia mume. Mwaka 1979 bomba la chumba cha kufulia lilipasuka, akaitwa fundi bomba, kijana mwembamba mwenye maneno mengi. Kijana alikusudia kufunga koki kubwa. Akaizungusha upande usio wake, na rundo la mashuka yaliyokwisha kupigwa pasi likaelea. Dada Pindo hakupiga kelele. Alimwambia tu avue viatu, ayakamue yote na kuyaanika yote, na asithubutu kuondoka kabla ya la mwisho. Kijana alikamua mpaka viganja vikachubuka. Jioni, badala ya kwenda zake, aliuliza kama kesho kuna mengine. Tangu siku hiyo yeye akaitwa Koki, na hata leo wapo waombolezaji wasiolijua jina lake la kuzaliwa. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1981, wakajaliwa binti na mwana.

Walipostaafu wote wawili waliuza walichoweza kuuza, wakanunua nusu ekari nje ya mji, pale lami inapoishia. Hiyo ilikuwa mwaka 2013. Watoto waliliita shamba la mchezo, na hawakukosea sana. Mahindi yalikuwa mistari minane. Sungura waliliwa na mbwa wa jirani. Yai moja la pale, ukijumlisha chakula cha bata, lilikuwa ghali kuliko trei nzima ya dukani, na Koki alipenda kulitamka hilo mbele ya wageni huku akilimenya yai lenyewe. Lakini asubuhi za mahali pale zilikuwa za kumpa mtu wivu. Koki alichota maji na kujaza mabeseni. Marehemu alifungua banda alilojengewa kwa mabaki ya mabomba na mbao, na bata wakatoka kwa mstari wakiongozwa na jike mmoja mnene, mwenye mwendo wa kibosi, aliyepewa jina la Metroni. Kanga walipanda juu ya paa kulaumu dunia. Njiwa walishuka kula mkononi mwake. Jikoni, juu ya friji, alikaa kasuku ambaye mwenyewe aliyemuuza aliapa kwamba anasema kama redio. Kasuku huyo hajatamka neno hata moja mpaka leo. Marehemu alimtetea: "Mwacheni. Nyumba hii ina Koki, wasemaji wanatosha."

Mchana alikaa barazani na kazi za mikono. Alisuka vikapu. Alichana mashuka makuukuu kuwa tepe ndefu, akafuma mazulia ya mlangoni. Na alishona mito ya manyoya. Ndege wake hakuwachinja, hilo lilikuwa mwiko, kwa hiyo manyoya aliyasubiri. Bata walipobadili manyoya aliyaokota bandani kila asubuhi, akachagua yale laini ya kifuani, akayaosha, akayaanika juani ndani ya chandarua yasipeperuke, kisha akayashindilia katika kitambaa kizito kwa mkono. Karibu kila nyumba ya ukoo huu ina mto wake. Mkubwa kuliko yote ulikuwa mto mrefu wa kushika upana wa kitanda kizima, alioujaza kidogo kidogo kwa miaka mitano na kuuweka sandukuni bila kusema ni wa nani. Ulikuwa mwepesi na mwororo, na mshono wake usingeuona hata ungeutafuta.

Kikohozi kilianza mwaka 2019. Kilikuwa kikavu, cha jioni, baada ya kusafisha banda. Alisema ni vumbi. Kisha akasema ni umri. Kisha akaacha kusema, akawa anakwenda kukohoa nyuma ya nyumba, na mdogo wake alipomwuliza alimwambia ajishughulishe na yake. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye aliyafanyia maradhi yake maficho kama mtu anayeficha mwizi. Alitibiwa nimonia, ikaonekana imepona. Alitibiwa pumu, haikuwa pumu. Kufikia mwisho wa mwaka 2021 hakuweza kufika bandani bila kukalia ndoo iliyopinduliwa katikati ya njia, na Koki aliiacha ndoo ile pale pale, akawaambia watu kwamba ameisahau.

Machi 2022 binti yake alimpeleka kwa daktari wa mapafu. Daktari alitazama picha za kifua kwa muda, kisha akauliza, "Mama, nyumbani mnafuga nini?" Marehemu alichangamka, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwuliza hilo hospitalini. Alimtajia wote: Metroni na wenzake, kanga, njiwa, kasuku wa jikoni. Daktari aliweka kalamu chini. Akamweleza kwa upole kwamba vumbi la ndege limekuwa sumu kwake, kwamba mapafu yameanza kufanya makovu, na kwamba kovu la pafu halifutiki, linaweza tu kuzuiwa lisikue. "Ndege waondoke, mama. Wote. Ukibaki nao, hutaimaliza miaka mitatu."

"Daktari, ungeniambia niwafukuze wanangu?"

"Ningekwambia, kama wanao wangekuwa wanakuua."

"Basi wataondoka siku nitakayoondoka mimi," alisema, akachukua mkoba wake.

Alimaanisha. Wiki nzima watoto walimbembeleza, mdogo wake alimgombeza, yeye akaendelea kufungua banda akiwa amejifunga kitambaa puani. Aliyeamua ni Koki. Mtu ambaye kwa miaka arobaini hakuwahi kumkatalia mkewe hata rangi ya pazia, alimpigia mwanawe simu aje na lori. Aliwakamata ndege mmoja mmoja kwa mikono yake, hakutaka msaada, na Metroni alimng'ata kidole mpaka damu ikatoka. Marehemu alikaa ndani, dirisha limefungwa, akiangalia. Bata, kanga na njiwa walipelekwa kwa mfugaji wa mbali. Kasuku alipelekwa kwa mdogo wa marehemu, ambaye hapendi ndege na bado anaye. Koki alilibomoa banda, akachimba udongo wake, akaufukia mbali. Alifanya kila alichoambiwa.

Baada ya hapo nyumba ilikuwa na kimya cha kutisha. Marehemu alimpa mumewe chai, alimpa chakula, alimpigia pasi mashati, lakini neno hakumpa. Mtu wa maneno mengi akikosa wa kumjibu hudhoofika. Koki alikonda. Mwisho alifungua sanduku, akautoa mto mrefu, akautandika kichwani mwa kitanda chao.

"Ndege nimewaondoa, nichukie," alimwambia. "Hiki ni chao kilichobaki. Lalia."

Marehemu aliinama, akaweka uso wake wote katika mto ule, akalia kwa mara ya kwanza tangu lori liondoke. Alipoinua kichwa alisema, "Umeugeuza. Mshono unakaa upande wa ukutani." Walicheka wote wawili. Koki alimpigia mdogo wa mkewe simu usiku ule ule kumwambia kwamba ameongea, na familia nzima ilifurahi. Inauma kuiandika furaha hiyo.

Kwa sababu hakupona. Alizidiwa. Daktari alishangaa, akauliza tena na tena, "Ndege wapo?" Koki akajibu, "Hawapo." "Hata mmoja?" "Daktari, nimeng'oa hata udongo." Na alisema kweli. Aliulizwa habari za ndege, akajibu habari za ndege. Kila alipolazwa, marehemu alipata nafuu, rangi ikarudi, akaanza kuwakosoa wauguzi jinsi ya kukunja shuka. Kila aliporudishwa nyumbani, ndani ya siku chache alikuwa akihema kama aliyepanda mlima. Ukoo ukakaa, ukatafuta maana, na maana ikapatikana upesi: ni huzuni. Huzuni ya ndege wake inammaliza. Kaka mkubwa alisema mbele ya wote kwamba lori lile lilibeba moyo wa dada yake, na aliyelipakia anajulikana. Binti, ambaye alikuwa amehamia pale kumwuguza, aliupiga mto kwa viganja kila asubuhi ili ujae vizuri, ndani ya chumba kile kile, mama yake akiwa bado kitandani. Alifanya hivyo kwa upendo, na ni yeye mwenyewe aliyeomba liandikwe hapa.

Mei 2023 alilazwa mara ya mwisho. Mto wa hospitali ulikuwa mgumu, foronya yake inakwaruza, na yeye aliyeshona maelfu ya foronya hizo alilalamika kwa kunong'ona kwamba siku hizi hawachagui kitambaa. Basi Koki alirudi nyumbani, akapanda basi na mto mrefu kwapani, abiria wakimcheka, akauleta wodini. Asubuhi daktari alipopita aliubonyeza kwa kidole.

"Mzee, huu una nini ndani?"

"Manyoya ya bata," Koki alisema kwa majivuno. "Kashona mwenyewe. Miaka mitano."

Daktari aliinua kichwa cha mgonjwa, akauchomoa mto, akampa muuguzi autoe nje ya jengo, kisha akavuta pazia na kuwaeleza. Aliwaeleza vizuri, wala hakumlaumu mtu. Alisema angepaswa kuuliza zaidi ya ndege. Koki alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: tangu lini. Daktari alisema pengine kila usiku tangu ulipotandikwa. Koki akakaa chini sakafuni, mtu wa miaka sabini, na mwanawe akashindwa kumwinua.

Habari hufika haraka ukooni. Kaka mkubwa alikuja jioni, akasimama miguuni pa kitanda, akamtazama shemeji yake na kusema, "Kikulacho ki nguoni mwako."

Marehemu aliitoa barakoa ya hewa. Muuguzi alikimbia kumzuia, akasukumwa mkono.

"Nguo nilishona mimi, kaka," alisema, akavuta pumzi. "Mito ya wagonjwa nimeshona maisha yangu yote. Mimi sikujua." Akavuta tena. "Yeye fundi bomba. Angejuaje?"

Ilimchukua nusu saa kupata nafuu ya maneno hayo. Kaka mkubwa aliondoka bila kuaga.

Kesho yake alimwita mdogo wake, akamtaka ainame. Alisema, "Wasifu utaandika wewe. Andika yote, na mto uandike. Usipouandika watauongelea jikoni, na wakiuongelea jikoni watamuua Koki." Mdogo wake alimwambia hayo si ya wasifu, watu watashtuka. "Washtuke," alisema. "Mimi sipumui, wao kushtuka tu hawawezi?" Kisha akaagiza na mpangilio wa orodha ya anaowaacha, akarudia mpaka aliporidhika kwamba umeshikwa.

Alifariki Jumamosi, tarehe 3 Juni 2023, saa mbili asubuhi, katika wodi ya magonjwa ya kifua, akiwa na umri wa miaka sitini na sita. Mikono yake ilikuwa na mirija, kwa hiyo Koki alikuwa amemshika mguu. Hakikuwa kifo chepesi, na familia haitasema kilikuwa chepesi ili kumfurahisha mtu. Mwisho alitazama kule mume alikokuwa.

Koki aliuchoma mto jioni ile nyuma ya nyumba. Manyoya hayawaki, yananuka tu na kusinyaa, akakaa nayo mpaka giza. Maji yakimwagika hayazoleki. Familia inawaomba wote waliopewa mito na marehemu, hasa wenye kifua kibaya, waiondoe vyumbani, na wanaokohoa wamwone daktari. Asione mtu haya wala asidhani anamdharau aliyeshona. Angeitoa mwenyewe angejua.

Kabla ya wasifu huu kupelekwa kwa mchapaji, Koki alikuja kwa shemeji yake, mdogo wa marehemu. Hakuingia. Alisimama mlangoni na kofia mkononi.

"Shemeji, pale kwenye wale alioacha. Mimi usiniandike."

"Kwa nini?"

"Watu watasoma mume, watauliza mume gani huyo. Andika watoto. Andika wajukuu. Inatosha."

Kaka mkubwa naye, bila kupatana naye, alikuwa ameagiza vivyo hivyo kwa simu. Hilo ndilo jambo pekee ambalo wawili hao wamewahi kukubaliana tangu harusi. Mdogo wa marehemu aliwajibu wote neno moja: yeye haandiki anachotaka, ameagizwa, na aliyemwagiza hakuwa mtu wa kuachiwa pindo lililofumuka. Koki alivaa kofia, akaenda. Kaka mkubwa alikata simu. Hata hivyo amekuja, ameketi benchi la nyuma, na familia inamshukuru kwa kuja.

Marehemu ameacha mume, fundi bomba mstaafu, aliyeishi naye katika ndoa miaka arobaini na mmoja. Ameacha binti, mwalimu wa shule ya msingi, na mkwe wake; mwana, dereva wa lori, na mkewe; wajukuu watano; kaka mkubwa; na mdogo wake wa kike. Ameacha pia majirani na wenzake wa chumba cha nguo, ambao ndio walioshona kwa mkono kitambaa kilichofunika jeneza hili.

Na liko agizo moja lililobaki. Alisema neno la kwanza la orodha hiyo lisomwe tena mwishoni, kwa sauti, kwa sababu alimjua mumewe: mara ya kwanza angeinamisha kichwa na kujifanya hakusikia.

Ameacha mume.

Yeye apumzike kwa amani, na huyu aachwe alie kama mfiwa mwingine yeyote.